Asilimia 42 ya nani? Tunausoma tena utafiti wa ubongo na upasuaji wa moyo, safari hii tukiwa Kahama

Ukikaa kwenye semina mbili tatu za upasuaji wa moyo, kuna namba moja lazima utakutana nayo: asilimia 42. Ilitoka mwaka 2001 katika jarida la The New England Journal of Medicine, kwenye makala ya Mark Newman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Walichukua wagonjwa 261 waliokuwa wanasubiri kupandikiziwa mishipa ya moyo, wakawapima kumbukumbu na umakini kabla ya upasuaji. Wakawapima tena walipokuwa wanaruhusiwa kutoka hospitali, kisha baada ya wiki sita, miezi sita na miaka mitano. Siku za kuruhusiwa, asilimia 53 walikuwa wameshuka. Baada ya wiki sita wakawa 36. Miezi sita, 24. Halafu miaka mitano, mshtuko: 42.

Namba ikatoka jaridani ikaingia magazetini, ikaingia kwenye slaidi, na kwa njia zake ikafika mtaani. Huku Kahama hakuna anayemtaja Newman, lakini maneno utayasikia: "Akifunguliwa moyo, akili hairudi ileile." Mgonjwa mwenye vali iliyoharibika anaambiwa aende Bugando, na pengine Dar es Salaam. Ndugu wanakaa kikao, mmoja analileta hilo, na uamuzi unasogezwa mpaka baada ya mavuno. Mavuno yanapita. Wakati huo vali haisubiri mtu.

Kwa hiyo naomba tuisome ile makala kwa makini, kama tunavyosoma kazi yoyote. Maoni yangu niyatoe mapema: ni utafiti mzuri uliobebeshwa mzigo usio wake. Namba ile ni ya watu wengine wenye ugonjwa mwingine, na hata kwa hao wenyewe haithibitishi kile kinachodaiwa.

Kwanza tuelewe kinachohofiwa. Ubongo una uzito wa kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Damu ikikatika kwa dakika nne au tano katika joto la kawaida la mwili, seli zake zinaanza kufa. Sasa daktari anataka kusimamisha moyo saa nzima au zaidi ili aishone au aibadilishe vali. Atafanyaje?

Jibu la kwanza lilikuwa baridi. Wilfred Bigelow wa Toronto alionyesha kwa wanyama, mwishoni mwa miaka ya 1940, kwamba mwili uliopozwa unahitaji oksijeni kidogo. Tarehe 2 Septemba 1952, John Lewis wa Chuo Kikuu cha Minnesota alimpoza mtoto wa miaka mitano hadi nyuzi 28 hivi, akazuia damu kuingia moyoni kwa dakika tano na nusu, akaziba tundu lililokuwa ndani ya moyo. Mtoto akapona. Hesabu yake ni kwamba kila nyuzi moja inayoshuka inapunguza mahitaji ya ubongo kwa asilimia 6 hadi 7. Ndiyo maana leo, kwenye upasuaji wa upinde wa aota, mgonjwa akishushwa hadi nyuzi 18 madaktari wanaweza kusimamisha damu kabisa kwa takriban nusu saa. Wakihitaji muda zaidi, wanapitisha damu kwenye mishipa ya shingo iende kichwani peke yake.

Jibu la pili lilikuwa mashine ya moyo na mapafu. John Gibbon aliifanikisha kwa mara ya kwanza kwa binadamu tarehe 6 Mei 1953, Philadelphia. Mashine inachukua damu chafu, inaitia oksijeni, inairudisha kwenye aota. Ubongo unaendelea kupata chakula chake wakati moyo umelala. Lakini mashine imekuja na hatari zake. Damu inapita kwenye plastiki, kwa hiyo lazima itiwe heparini isigande. Vipande na viputo vinaweza kusafiri kwenda kichwani, kwa hiyo kuna chujio lenye vitundu vya mikromita 40 hivi, vyembamba kuliko unywele. Presha ikishuka mno, maeneo ya pembezoni ya ubongo yanakosa damu.

Na wakati wa kumpasha mgonjwa joto tena (hapa ndipo wengi wanapopumua mapema) ubongo unaweza kupata moto kuliko kipimajoto kinavyoonyesha, kwa sababu damu inayotoka kwenye mashine inaufikia kabla ya sehemu nyingine nyingi za mwili. Mwongozo uliotolewa na vyama vya wataalamu wa Marekani mwaka 2015 unataka damu inayotoka kwenye mashine isizidi nyuzi 37. Kupasha taratibu ni kinga isiyoongeza gharama ya vifaa. Inahitaji subira tu, pale saa imeshakuwa tisa alasiri na timu nzima imechoka.

Sasa turudi kwa Newman. Wagonjwa wake walikuwa na wastani wa miaka kama 61, na tatizo lao lilikuwa mishipa ya moyo iliyozibwa na mafuta. Ugonjwa huo haukai moyoni tu. Uko pia kwenye aota, shingoni, na kwenye mishipa midogo ya ubongo. Daktari akibana aota yenye magamba ya namna hiyo, vipande vinabanduka. Hatari hiyo ni ya kweli. Lakini angalia "kushuka" kulipimwaje: alama za mgonjwa ziligawanywa katika maeneo manne, na akishuka kwa mchepuko sanifu mmoja (kile kipimo cha kutawanyika kwa alama) katika eneo lolote kati ya hayo manne, anahesabiwa ameshuka.

Neno la kukamata hapo ni "lolote". Mtu yeyote ukimpima leo na baada ya miezi sita, alama zitacheza. Alilala vibaya, ana mawazo, jirani alikuwa anapiga redio. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba uwezekano wa kushuka kiasi hicho kwa bahati mbaya katika eneo moja ni asilimia 10. Uwezekano wa kutoshuka popote katika maeneo manne ni 0.9 mara yenyewe mara nne, yaani 0.656. Maana yake asilimia 34 ya watu wenye afya njema, ambao hakuna kisu kilichowagusa, wangehesabiwa "wameshuka". Ni mfano wangu, na maeneo hayo hayako huru kabisa kila moja na lake, lakini unaona tundu lilipo. Dawa yake ni moja: kundi la kulinganishia, watu wa umri uleule na ugonjwa uleule wasiofanyiwa upasuaji. Utafiti wa Duke haukuwa nalo.

Wengine walikuja kuliziba pengo. Ola Selnes na wenzake wa Johns Hopkins waliwafuata kwa miaka sita wagonjwa waliopasuliwa kwa mashine, waliopasuliwa bila mashine, waliotibiwa kwa njia nyingine bila upasuaji huo, na watu wasio na ugonjwa wa moyo. Wenye ugonjwa wa mishipa walishuka kuliko wasio nao, lakini makundi ya wagonjwa hayakutofautiana kwa maana. Uholanzi nao, katika jaribio la Octopus, wagonjwa waligawanywa kwa kura: hawa kwa mashine, hawa moyo unadunda. Baada ya miaka mitano karibu nusu ya kila kundi walikuwa wameshuka. Nusu kwa nusu! Mashine, mshitakiwa mkuu, ilikuwa kwa kiasi kikubwa inabebeshwa kesi ya umri na ya mishipa.

Niwatendee haki watu wa Duke. Kumfuata mgonjwa miaka mitano ni kazi ngumu, wengi huishia wiki sita. Makala yao ndiyo iliyowalazimisha wengine wafanye vizuri zaidi, na wao wenyewe hawakuandika kwamba mashine inaua akili. Ninaowalaumu ni sisi tunaonakili mstari mmoja wa muhtasari na kuupeleka kwa mgonjwa wa Msalala.

Maana mgonjwa wa Msalala ni nani? Mara nyingi ni kijana. Ugonjwa wake ulianza na mafindofindo utotoni: bakteria wa streptokoka wakashambulia koo, mwili ukajibu, na jibu likapotea njia likashambulia vali za moyo. Ndiyo homa ya rumatiki. Inapenda msongamano, na mtu aliyeona vibanda vya wachimbaji Nyarugusu au Mwakitolyo, watu wengi chumba kimoja, hahitaji kuchorewa picha. Utafiti wa REMEDY, uliochapishwa mwaka 2015 kutoka nchi 12 za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, pamoja na India na Yemen, ulikuta umri wa kati wa wagonjwa 3,343 wa aina hii ni miaka 28. Theluthi mbili walikuwa wanawake. Aota zao kwa kawaida ni laini, hazina magamba ya mzee wa North Carolina.

Kwa hiyo hatari ya ubongo mezani ni nyingine. Ukibadilisha vali ya mitrali unafungua vyumba vya kushoto vya moyo, na hewa inaingia. Ukiachia kibanio hewa ikiwa bado imo, inapanda kichwani. Ndiyo maana kwenye upasuaji wa vali wanamwaga gesi ya kaboni dayoksaidi juu ya kidonda (inayeyuka ndani ya damu kwa urahisi zaidi mno kuliko hewa ya kawaida), wanainamisha kichwa chini, na wanaangalia viputo kwa altrasaundi iliyopitishwa kooni kabla ya kuuachia moyo ufanye kazi. Vilevile donge la damu linaweza kuwa limekaa muda mrefu kwenye chumba cha juu cha kushoto, likisubiri kuguswa. Makala ya mishipa ya moyo haiwezi kukuambia mengi kuhusu haya, kwa sababu wao hawakufungua vyumba hivyo.

Kuna shida nyingine inayonisumbua zaidi, nayo ni rula yenyewe. Mojawapo ya vipimo vya Duke ni ule wa kuunganisha kwa mstari namba na herufi kwa zamu: 1, A, 2, B, na kuendelea, huku saa inahesabu. Mpe mama wa Bukombe aliyeishia darasa la tatu. Utakuwa umepima shule yake. Ukimpa tena baada ya upasuaji, akiwa ameshaizoea karatasi, anaweza "kupanda", na utaandika kwamba ubongo wake umelindwa vizuri sana.

Kinachofurahisha ni kwamba Geita tayari ilishapata rula bora, na ilikuja kwa sababu ya dhahabu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa kimataifa wa zebaki chini ya UNIDO ulifanya kazi Rwamagasa. Stephan Bose-O'Reilly na wenzake waliwapima wachimbaji na wakazi wa pale, wakawalinganisha na watu wa Katoro. Kundi la kulinganishia hilo, ambalo Duke hawakuwa nalo! Takriban robo ya waliokuwa wanachoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu walikutwa na dalili na viwango vya sumu ya zebaki.

Miongoni mwa vipimo kulikuwa na hiki: boksi la kiberiti liko wazi, njiti 20 ziko nje, nusu kila upande, umbali wa sentimita 15 hivi. Zirudishe ndani, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, kwa zamu. Saa inahesabu. Kingine ni kugonga karatasi kwa penseli kwa kasi unayoweza. Hakuna herufi hata moja. Njiti zinapima zaidi uratibu wa mikono kuliko kumbukumbu, nakubali. Lakini namba za kurudia kwa mdomo zinaweza kusomwa kwa Kisukuma, na hadithi fupi ya kukumbuka inaweza kuwa ya mnada wa ng'ombe. Kitu cha namna hii kinaweza kufanyika kwenye benchi la kliniki.

Na zebaki yenyewe inatuletea swali ambalo sijaliona kwenye fasihi ya upasuaji wa moyo. Mvuke wa zebaki unasababisha kutetemeka, kusahau, usingizi mbovu, hasira za haraka. Mwaloni na majumbani watu wanauvuta, pamoja na akina mama na watoto ambao hawajawahi kushuka kwenye duara. Sasa chukua mgonjwa wa vali kutoka hapo. Anapasuliwa, anarudi, ndugu wanaona anatetemeka na anasahau. Nani atalaumiwa? Mashine, bila shaka. Kama hakupimwa kabla ya safari hakuna njia ya kutenganisha, na kama alirudi kwenye nyumba ileile ambako zebaki inachomwa jikoni, ndio kabisa. Mtu anayefanya shahada ya uzamili Bugando na anatafuta mada, hii hapa, bure.

Jambo la vipimo halijaisha, kwa sababu hata mashine zina rula zake. Siku hizi ubongo unaangaliwa mezani kwa kubandika vihisi kwenye paji la uso. Vinatuma mwanga wa infraredi na kusoma oksijeni ya damu iliyo chini yake. Kifaa kizuri, hakichomi sindano. Ila melanini nayo inanyonya mwanga. Mwaka 2015 makala katika British Journal of Anaesthesia ilionyesha kwamba kwa wagonjwa Wamarekani weusi kifaa kinasoma chini kuliko kwa weupe. Ndugu yake, kile kibano cha kidoleni, kinakosea upande wa pili: mwaka 2020 Michael Sjoding na wenzake waliripoti kwamba upungufu wa oksijeni uliofichika, ambao kibano hakikuuona, ulikuwa karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi. Kwa ngozi zetu, basi, ni salama zaidi kuchukua usomaji wa mgonjwa mwenyewe kabla ya kulala na kufuatilia umeshuka kiasi gani kutoka pale, kuliko kushika kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha kifaa.

Yote haya bado ni chumba cha upasuaji. Lakini ubongo wa mgonjwa wa vali kutoka Kanda ya Ziwa, sehemu kubwa ya hatari yake iko nje ya chumba hicho. Katika REMEDY, siku ya kuandikishwa tu, asilimia 7 walikuwa tayari wamepata kiharusi, na wengi wa waliokuwa kwenye utafiti walikuwa hawajafanyiwa upasuaji. Umri wa kati, kumbuka, ni miaka 28. Vali ya mitrali ikibana, chumba cha juu kinatanuka, moyo unaanza kudunda bila mpangilio, damu inatuama, inaganda, donge linaruka kichwani. Linganisha na kiharusi cha upasuaji wenyewe: ripoti nyingi za vituo vikubwa vya nje zinakiweka kati ya mgonjwa 1 na 3 kwa kila 100, kutegemea aina. Hesabu hizi mbili hazikupimwa kwa njia moja na siwezi kuzitoa moja kwa nyingine. Ila zinatosha kuonyesha kwamba "tusubiri kwanza, tulinde akili yake" si uamuzi usio na hatari, na mara nyingi hatari hiyo haitajwi kikaoni.

Upasuaji wa moyo hapa nchini ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu 2015 kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Kabla ya hapo ilikuwa India au basi. Sasa njia ipo, japo Shinyanga hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000. Anayewekewa vali ya chuma anarudi na kidonge cha wafarini cha maisha. Hapo ndipo fasihi ya kulinda ubongo inanyamaza, wakati ubongo wa mgonjwa ndio kwanza unaingia kwenye miaka yake ya hatari. Dozi ikiwa ndogo vali inaota donge, donge linakwenda kichwani. Dozi ikizidi, damu inavuja, na inaweza kuvujia humohumo kichwani. Kipimo cha INR ndicho kinachosema uko wapi. Katika REMEDY, chini ya theluthi moja ya waliohitaji dawa hizi walikuwa ndani ya kiwango. Na vidonge vipya visivyohitaji kipimo? Jaribio la INVICTUS la mwaka 2022, zaidi ya watu 4,500 kutoka nchi 24, liliwapima wenye moyo wa rumatiki unaodunda bila mpangilio: wa dawa za jamii ya wafarini walipona vifo zaidi kuliko wa rivaroksabani. Na wenye vali za chuma hawakuwa hata sehemu ya swali hilo, kwao wafarini ndiyo iliyobaki.

Wafarini inapigana na vitamini K, na vitamini K iko kwenye majani mabichi. Mvua zikinyesha Usukumani kuna matembele, mchicha, majani ya kunde, mlenda kila siku. Kiangazi kikiingia sahani inabadilika, wengine wanarudi kwenye michembe na dagaa. Mgonjwa aliyepangiwa dozi Februari anaweza kuwa na damu nyepesi kupita kiasi Agosti, bila kukosea kidonge hata kimoja. Kumkataza mboga si jibu. Ale kwa kiasi kinachofanana mwaka mzima kadiri inavyowezekana, na apimwe INR majira yanapobadilika. Kabla ya kumruhusu, mtu amuulize anakaa wilaya gani, wanapima INR wapi karibu naye, na nauli ya kufika hapo ni shilingi ngapi.